Mwaka Niliokatazwa Kupuliza

Meno yangu matatu ya juu, upande wa kushoto, niliyapoteza kwa kosa langu mwenyewe. Ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye barabara ya vumbi kabla ya kufika kijiji cha Soitsambu, nilikokuwa nimeitwa kutengeneza gari la watalii lililokatika springi. Mimi ni fundi wa magari. Nina gereji ndogo hapa Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita chini ya magari ya safari.

Siku hiyo nilikuwa nainua gari kwa ile jeki ndefu ya mkono. Anayeifahamu jeki hiyo anajua kwamba mpini ukikuponyoka wakati gari bado linaning'inia, unaruka juu kwa nguvu ya gari zima. Mkono wangu ulikuwa na grisi. Niligeuka kumwambia dereva aweke jiwe nyuma ya tairi, na hapo hapo mpini ukaniponyoka.

Fahamu ziliponirudia vizuri nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye tairi, natema damu. Mfugaji mmoja wa umri wangu, aliyekuwa akichunga karibu na pale, alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Alifungua kibuyu chake, akanipa maziwa nisukutue. Kisha akaokota jino langu kwenye vumbi, akalimiminia maziwa kidogo kulisafisha, akaniwekea kiganjani. Alikuwa mtu wa kijiji cha Arash. Tangu siku hiyo ni rafiki yangu.

Jino lile nililitia mfukoni, likakaukia humo. Mengine mawili yalikuwa yamevunjikia kwenye ufizi, yakang'olewa hospitali kesho yake. Shavu lilipopona nikajifunza kutafuna kwa upande wa kulia, nikarudi kazini, na miaka ikaenda.

Ningeendelea hivyo hivyo kama isingekuwa tarumbeta. Nilipohamia Karatu kutoka Kilimanjaro, kijana asiye na mke, nilikuja na sanduku la spana na ujuzi mmoja niliofundishwa kanisani kwetu: kupiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalopakatwa kama mtoto. Kanisani hapa walikuwa na bendi ya tarumbeta iliyokosa mtu wa besi. Nikakaa kwenye kiti hicho karibu miaka thelathini. Nimepiga kwenye harusi, kwenye vipaimara, kwenye mazishi ya watu niliowatengenezea magari, na kila alfajiri ya Pasaka makaburini. Lakini miaka ya karibuni shavu la kushoto lilianza kubonyea ndani. Upepo ukawa unanitoroka. Meno ya kulia nayo, yaliyokuwa yakifanya kazi ya pande mbili, yakaanza kuuma, na moja likapasuka nikila nyama ya kuchoma. Mke wangu akasema, "Sasa unakwenda kwa daktari, au mimi niende kwa niaba yako?"

Tulikwenda Arusha. Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, umri wake kama wa mwanangu wa kwanza, mpole wa sauti lakini hana mchezo. Aliniweka kwenye mashine ya picha, kisha akanionyesha kichwa changu kwenye kioo cha kompyuta.

"Baba, tazama hapa," alisema. "Juu ya meno ya nyuma kila mtu ana chumba cha hewa, ndani ya mfupa wa shavu. Tunakiita sainasi. Meno yakikosekana muda mrefu, mfupa uliokuwa unayashika unaisha taratibu, na sakafu ya hicho chumba inashuka. Wewe umebakiwa na mfupa mwembamba sana. Nikikuwekea skrubu za meno leo, zitatokeza huko juu."

Nilielewa haraka kuliko alivyotarajia. "Bati jembamba halishiki bolti," nilimwambia.

Akacheka. "Ndivyo. Kwa hiyo kwanza tunaongeza unene wa bati."

Alinieleza namna. Angefungua kidirisha kidogo pembeni mwa mfupa, juu ya ufizi. Ndani yake kuna utando mwembamba, kama ile ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Angeuinua utando huo polepole bila kuutoboa, na chini yake angejaza unga wa mfupa. Kisha tungesubiri miezi kadhaa unga ule ushikamane na mfupa wangu. Baada ya hapo ndipo skrubu, na baada ya skrubu kushika ndipo meno.

"Unga wa mfupa wa nani?" mke wangu aliuliza.

"Wa ng'ombe, mama. Umesafishwa mpaka imebaki ile sehemu ngumu tu. Unatoka Ulaya."

Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akauliza kama kuna kitu kingine ninachofanya. Nikamtajia besi. Aliweka kalamu mezani.

"Hiyo ndiyo inanitia hofu zaidi," alisema. "Utando huu hautaki presha. Hutapenga kamasi. Hutanyonya kwa mrija. Hutanyanyua vitu vizito wala kuinama kichwa chini. Ukitaka kupiga chafya, fungua mdomo, usibane pua hata kidogo. Na tarumbeta usiliguse mpaka nitakapokuambia mimi."

Tulipanga mwisho wa Februari. Upasuaji wenyewe ulichukua zaidi ya saa moja, kwa ganzi, nikiwa macho. Sikuhisi maumivu, ila nilisikia kila kitu, kwa sababu sauti ilikuwa inatokea ndani ya kichwa changu. Kulikuwa na mlio kama wa kusaga chuma, halafu kimya kirefu, halafu kugonga kwa upole. Wakati wa kile kimya nilimwona daktari ameacha hata kupumua kwa nguvu, na msaidizi wake amesimama bila kutikisika. Nikajua ndipo utando unapoinuliwa. Mimi pia nimewahi kufanya kazi za namna hiyo, kutoa gasketi kuukuu bila kuichana kwa kuwa mpya haipatikani, na najua mtu anavyokuwa katika dakika hizo. Nilitulia kwa ajili yake.

Tulirudi Karatu siku ile ile jioni. Tulipita Mto wa Mbu, mke wangu akamwomba dereva asimame, akanunua mkungu wa ndizi. Gari lilipoanza kupanda ule mlima, na bonde likabaki chini yetu, masikio yangu yakaziba kama kawaida. Kwa kawaida ningebana pua nikasukuma yafunguke. Mke wangu aliuona mkono wangu unapanda, akaushika, akauweka kwenye goti lake. Aliushikilia mpaka tulipofika nyumbani.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Shavu lilivimba mpaka jicho likawa dogo, na rangi ikabadilika kuwa ya zambarau, kisha kijani, kisha njano iliyoshuka hadi shingoni. Nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Damu kidogo ilichuruzika kwenye tundu la pua la kushoto, kama daktari alivyotuonya. Kwa barafu tulitegemea jirani yetu anayegandisha barafu za ukwaju za kuuza. Alituletea pakiti kila saa, nami niliziweka shavuni zikiwa zimefungwa kwenye kanga, na kwa kuwa baadhi zilivuja, nilinuka ukwaju wiki nzima.

Chakula kilikuwa mtori. Kwetu Kilimanjaro mtori hupikiwa mwanamke aliyejifungua: ndizi na nyama zilizochemshwa zikalainika, zikapondwa mpaka zikawa uji mzito. Mke wangu ni wa kabila la Wairaki, amezaliwa na kukulia hapa Karatu, na mtori alifundishwa na mama yangu alipokuja kumhudumia uzazi wa kwanza. Sasa alinipikia mimi, akaupooza mpaka uwe vuguvugu, akanipa kwa kijiko kidogo. Jirani wa barafu alituona siku moja, akacheka.

"Amejifungua nini huyu baba?"

"Amejifungua mfupa," mke wangu alijibu.

Siku ya sita rafiki yangu wa Arash alifika. Alikuwa amekuja mjini kununua dawa za mifugo, akasikia gereji kwamba fundi anaumwa. Aliingia na shuka lake jekundu na fimbo yake, akaniangalia usoni muda mrefu.

"Sopa," alinisalimia kwa lugha yao.

"Epa," nilijibu, nusu ya mdomo.

"Nani amekupiga safari hii?"

Nilimweleza polepole, kwa kuwa kusema kulinichosha. Nilipofika kwenye unga wa mfupa alinyanyua mkono niishie hapo.

"Wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe."

"Wa rangi gani?"

Nilimwambia sikumuuliza daktari. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kwake, kupokea ng'ombe bila kujua rangi yake lilikuwa jambo la uzembe.

"Ametoka Ulaya," nilimwambia, nikitaka kusaidia.

"Basi ni wale wakubwa wa maziwa, weusi kwa weupe," alisema. "Hao hawajui kiangazi. Umpe maji ya kutosha."

Nilitaka kucheka, na kucheka kuliuma, nikashika shavu. Naye akacheka kwa niaba yangu, na nikaona lile pengo lake la meno mawili ya chini mbele. Aling'olewa akiwa mtoto, kama watu wa rika lake wengi.

"Sisi tulitoa kwa makusudi," alisema, "ili mtu akiumwa taya likafunga, apitishiwe maziwa hapa. Wewe unahangaika kuyarudisha. Lakini nakuelewa. Mimi sipigi lile dude lako."

Kabla ya kuondoka alimkabidhi mke wangu kibuyu cha maziwa. Aliuliza kama yanaruhusiwa. Mke wangu akaenda kusoma ile karatasi ya daktari, akarudi akasema maziwa yanaruhusiwa, ila yasiwe ya moto. Tulikunywa watatu, wao kwa vikombe, mimi kwa kijiko.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikaa nikatulia. Sikukaa. Siku ya kumi uvimbe ulikuwa umepungua, maumivu yameisha, na mimi nikajiona nimepona. Asubuhi hiyo fundi mwenzangu wa gereji, mtu mzima mwenye familia ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi, alipiga simu kutoka juu ya kreta ya Ngorongoro. Gari la wageni lilikuwa limezima kwenye ukingo, injini inazunguka lakini haiwaki, na ameshakagua kila alichokijua.

"Nieleze tu kwa simu, kaka," aliniambia. "Usije."

Nilimweleza. Akajaribu. Haikuwaka. Nikachukua koti.

Mke wangu alikuwa anaanua nguo. "Unakwenda wapi?"

"Kuangalia tu. Sitashika kitu."

"Daktari alisema wiki mbili."

"Nakwenda kuangalia kwa macho. Macho hayajapasuliwa."

Aligeukia kamba, akaendelea kuanua. Najutia jibu langu lile mpaka leo kuliko nilivyojutia kosa lenyewe.

Dereva mmoja ninayefahamiana naye alinichukua. Tulipita geti, tukaanza kupanda kwenye msitu. Ukungu ulikuwa mzito kule juu na barabara ilikuwa kavu chini yake, kwa hiyo tulikuwa na baridi na vumbi kwa pamoja. Nilimkuta mwenzangu amevua koti, mikono myeusi, na wageni wanne wamesimama kando wakipiga picha za ukungu. Boneti ilikuwa wazi. Nilisimama mbali kidogo, nikamwelekeza atazame waya mmoja nyuma ya pampu ya mafuta. Hakuuona. Nikasogea. Bado hakuuona. Nikainama.

Lori lililobeba vitunguu vya Mang'ola, sijui lilikuwa linaelekea wapi kwa njia ile, likapita karibu yetu kwa kasi, na vumbi lake likatufunika. Chafya ikaja. Mbele yangu kulikuwa na uso wa mwenzangu, kando yangu wageni, na tangu utoto nimefundishwa kwamba mtu mstaarabu hawapigii watu chafya usoni. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilibana pua, nikafunga mdomo.

Niliisikia ndani ya shavu kama mlango uliobamizwa na upepo. Halafu joto, halafu damu ikatoka puani ikadondoka kwenye kifuniko cha betri.

Mwenzangu alinishika kwapani akanikalisha ndani ya gari. Sikuhisi maumivu makubwa. Niliogopa. Nilikaa mle nimeinua kichwa kidogo, kitambaa puani, nikiwaza utando kama ngozi ya ganda la yai, na daktari aliyeacha kupumua kwa ajili yake. Nikafikiria mke wangu na nguo zake mkononi. Nje nikasikia injini inawaka. Mwenzangu alikuwa ameuona ule waya peke yake, mara nilipoondoka mbele yake.

Mke wangu aliponiona hakunigombeza. Alinifuta uso, akampigia daktari, na kesho yake asubuhi tukawa Arusha.

Daktari alisikiliza habari yote bila kunikatiza. Nilimweleza ukweli, kwamba niliinama na kwamba nilibana. Alinitazama ndani ya mdomo, akanipiga picha nyingine, akakaa nayo muda. Mke wangu alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

"Unga upo mahali pake," daktari alisema mwishowe. "Utando umevimba, labda umechubuka, lakini sioni kama umefunguka. Una bahati kubwa, baba." Akavua miwani. "Sasa nitakwambia jambo. Kazi yangu niliimaliza siku ile. Iliyobaki ni yako, na ni kazi ya kutofanya kitu. Najua kwa mtu kama wewe hiyo ni ngumu zaidi."

Aliniandikia dawa zaidi, akaniongezea muda wa kupumzika. Nilipouliza kuhusu Pasaka, ambayo ilikuwa wiki nne mbele, hakufikiria hata kidogo.

"Hapana. Pasaka hii utasikiliza."

Tulipokuwa njiani kurudi nilimwomba mke wangu msamaha kwa lile neno la macho. Alisema ameshalisahau, na nikajua hajalisahau, lakini alinimenyea ndizi mbivu akaikata vipande vidogo.

Tatizo lililofuata lilikuwa la bendi. Tulikuwa wapiga besi wawili, na yule mwingine alikuwa amehamishwa kikazi Dodoma mwezi ule ule, akaenda na besi lake. Mwalimu wetu wa tarumbeta, mzee mstaafu mwenye masikio makali, alikuja nyumbani kunijulia hali. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia mvua. Mwishowe akasema Pasaka wangepiga bila besi.

"Itakuwa nyembamba," alisema. "Lakini tutapiga."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Mwalimu," alisema, "hiyo sehemu ya besi mimi naijua yote."

Tulimtazama wote wawili. Akaweka birika chini, akaimba wimbo wa kwanza wa Pasaka, sehemu ya besi, kwa sauti yake ya alto, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa do re mi, bila kukosea. Amekuwa mwanakwaya tangu usichana. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa ananisikia nikifanya mazoezi sebuleni, naye akipika, akinyonyesha, akipiga pasi. Nilidhani zile kelele zilikuwa zinamchosha. Labda zilimchosha kweli. Lakini zilikuwa zimemwingia.

Mwalimu alimwuliza kama amewahi kupuliza.

"Kamwe. Lakini nina mapafu."

Kesho yake tulianza. Nilikaa kwenye kochi na mito yangu, yeye kwenye stuli na tarumbeta mapajani. Sikuruhusiwa kumwonyesha hata mara moja. Kila kitu ilibidi nikiseme. Nikagundua kwamba kitu nilichokifanya maisha yangu yote sikuwa nimewahi kukitafutia maneno. Midomo ibane vipi? Pumzi itoke wapi? Nilimwambia, "Kama unatema uzi ulionasa mdomoni." Alitema, na tarumbeta likatoa mlio kama lori linalopanda mlima na mzigo. Jirani wa barafu alikuja mbio kuuliza kama ninazidiwa.

Nilimwandikia nyimbo kwa do re mi, na chini ya kila sauti nikaandika namba za vitufe vya kubonyeza: moja, mbili, moja na tatu. Wiki ya kwanza alipata sauti tatu. Wiki ya pili midomo yake ilivimba, tukawa wawili wenye midomo ya kuchekesha, tunakula mtori mezani pamoja. Jioni moja alipata mstari mzima wa kwanza, safi, na akaendelea kushikilia sauti ya mwisho mpaka pumzi ikamwisha. Kisha akaniangalia.

Nitasema ukweli. Wakati ule niliona wivu. Besi lilikuwa langu. Nilijua kila mahali lilipobonyea, nilikuwa nimelitengenezea springi za vitufe kwa mikono yangu. Nilimwona analishika, na nikaona uchungu kwa jambo ambalo lingepaswa kunifurahisha. Halafu nikamwambia sauti ya tatu ilikuwa chini kidogo, aibane. Akaibana. Ilikuwa sahihi, na wivu wenyewe ukawa hauna pa kukaa, kwa kuwa tulikuwa na nyimbo nne bado na siku tisa.

Alfajiri ya Pasaka ilikuwa na baridi na manyunyu, mvua zilikuwa zimeanza wiki ile. Watu walisimama makaburini na makoti na miavuli, wengine na taa za simu. Nilisimama nyuma, skafu imefunika nusu ya uso. Bendi ilijipanga mbele, na mke wangu akakaa kwenye kiti kwenye kona, tarumbeta limemfunika kiasi kwamba nilichoona ni kitambaa chake cha kichwa tu na viatu.

Mwalimu akanyanyua mkono. Wakaanza.

Sikuwahi kuisikia bendi ile kutoka nje. Kwa miaka yote nilikuwa ndani yake, nikisikia zaidi pumzi yangu na jirani zangu wawili. Sasa niliposimama kati ya watu nilielewa besi linafanya nini. Hulisikii sana kwa masikio. Unalisikia kwenye nyayo, kwenye mbavu, na zile sauti nyingine zote zinakwenda zinakotaka kwa kuwa chini yake kuna kitu kimesimama. Mama mmoja mzee mbele yangu, aliyemzika mumewe mwaka uliotangulia, alianza kuyumba taratibu kwa kulifuata. Mke wangu alikosea kwenye wimbo wa pili, akaruka mstari, akatulia, akangoja, akaingia tena mahali panapostahili. Nadhani hakuna aliyejua isipokuwa mwalimu na mimi. Wimbo wa mwisho aliupiga wote.

Jua lilikuwa linatoka tulipomaliza. Alikuja kwangu amebeba tarumbeta kifuani, midomo myekundu, pua inachuruzika kwa baridi.

"Ilikuwa nyembamba?" aliniuliza.

"Haikuwa nyembamba," nilimwambia.

Miezi ilipita kwa namna hiyo ya kutofanya kitu. Nilijifunza kukaa kwenye kiti gereji na kuacha wengine wainame. Mwenzangu akawa fundi mzuri kuliko mimi kwenye umeme wa magari, jambo ambalo pengine lilikuwa kweli siku nyingi ila sikumpa nafasi. Niliruhusiwa kupuliza mwezi wa Juni, dakika tano kwa siku, na sauti yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ya mke wangu ya kwanza. Alikaa pembeni akitazama saa ya ukutani, akinihesabia dakika, na zilipofika tano akanyoosha mkono kulichukua tarumbeta. Tangu hapo kanisa limepata besi la pili, kuukuu, nililolitoa kutu mwenyewe, na tunakaa viti viwili vilivyokaribiana. Yeye ni mzuri kwenye sauti za juu. Mimi nina pumzi ndefu.

Mwezi wa Oktoba daktari alinipiga picha tena. Aliziweka mbili pamoja kwenye kioo, ya zamani na ya sasa. Pale palipokuwa na mstari mwembamba palikuwa na kitu kinene, cheupe, chenye mawimbi kidogo juu yake.

"Huo ni mfupa wako," alisema.

"Wangu au wa ng'ombe?"

"Sasa hivi hata mimi siwezi kuwatenganisha."

Aliweka skrubu tatu siku hiyo hiyo. Zilikaza vizuri. Niliisikia ile sauti ya kukaza, ambayo fundi yeyote anaijua, pale bolti inapofika mwisho na kukataa kuendelea, nikatulia mwili mzima.

Wiki iliyopita nilikwenda kuangaliwa kabla ya kufungiwa meno yenyewe. Kwenye benchi nje ya chumba alikuwa amekaa mwanamke mmoja mwenye karatasi mkononi, ile ile ya masharti niliyokuwa nimepewa mimi. Alikuwa anaisoma mara ya pili au ya tatu. Alinitazama, akauliza kama nami nimefanyiwa hii.

"Nimefanyiwa," nilimwambia.

"Inauma?"

"Siku tatu. Baada ya hapo ni kukaa tu."

"Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza," alisema. "Siwezi kukaa."

Nilimwuliza kama nyumbani ana mtu. Akasema ana dada yake. Nikamwambia basi ampe dada yake hiyo karatasi aisome yeye, na akikatazwa kitu na dada, akubali. Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Mlango ukafunguliwa, nesi akamwita, akainuka, akanyoosha gauni lake, akaingia.